"Niliona kwa Macho Yangu": Wasomaji Wanauliza Kuhusu Kumbukumbu

Barua nyingi za mwezi huu zina ugomvi wa namna moja. Watu wawili walikuwa mahali pamoja, kila mmoja anaapa, na maelezo yao hayaingiani hata kidogo. Tumechagua barua sita, za ugomvi huo na za namna nyingine akili inavyotupotosha. Majina tumeyaondoa, na barua ndefu tumezipunguza.

Mimi nakumbuka shuleni, kaka anasema nyumbani

*Siku Mwalimu Nyerere alipofariki nilikuwa darasa la tano. Nakumbuka kengele iligongwa si saa yake, tukakusanyika chini ya mwembe, mwalimu mkuu akavua miwani kabla ya kusema neno. Kaka yangu, tuliyesoma naye shule moja, anasema habari tuliipata nyumbani kwa redio ya baba, na mama akakaa chini pale pale barazani. Tumebishana mpaka kwenye msiba wa shangazi. Mimi picha yote naiona. Nani mkweli?* (Dada, Tanga)

Dada, inawezekana nyote wawili ni wakweli na mmoja wenu amekosea. Inawezekana pia mmekosea wote. Hiyo picha unayoiona wazi haikupi ushindi, maana kaka yako naye anayo ya kwake, wazi vilevile.

Jambo hili limepimwa. Tarehe 28 Januari 1986 chombo cha anga cha Marekani, Challenger, kililipuka sekunde 73 baada ya kuruka. Kesho yake asubuhi mwanasaikolojia Ulric Neisser na mwenzake Nicole Harsch wakawapa wanafunzi 106 wa Chuo Kikuu cha Emory karatasi waandike: ulikuwa wapi ulipopata habari, na nani, ukifanya nini, nani alikuambia. Miaka miwili na nusu baadaye wakawapata 44 kati yao, wakawauliza tena maswali yale yale. Majibu ya pili yalipolinganishwa na ya kwanza kwa alama 7, wastani ulikuwa 2.95. Wanafunzi 11 walipata sifuri kabisa na watatu tu walipata zote 7. Walipoulizwa wana uhakika kiasi gani, kwa kipimo cha 1 hadi 5, wastani ukawa 4.17.

Mmoja wao aliandika ile asubuhi kwamba alikuwa kwenye kipindi cha dini, watu wakaingia wakiongelea habari hiyo. Miaka miwili na nusu baadaye akaeleza kwamba alikuwa bwenini na mwenzake, wakaiona kwenye televisheni. Hakudanganya. Televisheni karibu kila mtu aliitazama baadaye siku hiyo, na picha yake ilirudiwa mara nyingi kuliko maneno ya watu waliopita darasani. Kilichorudiwa ndicho kilichobaki, kikachukua nafasi ya cha kwanza. Na wanafunzi hao walipoonyeshwa karatasi walizoandika kwa mikono yao, kumbukumbu ya awali haikurudi.

Sasa tuje kwenu. Mwalimu Nyerere alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, siku ya Alhamisi, na alizikwa Butiama tarehe 23. Katikati kuna siku tisa za redio, vilio, na bila shaka mikusanyiko ya shuleni. Yawezekana kabisa kwamba redio ya baba na mwembe wa shule vyote vilikuwepo, ila kimoja ni cha siku ya tangazo na kingine ni cha siku za maombolezo zilizofuata. Akili hupenda kuwa na tukio moja lenye mwanzo na mwisho, kwa hiyo huchukua vipande vya wiki nzima ikavishona kuwa siku moja.

Mkitaka kumaliza ubishi, kila mmoja aandike peke yake kabla ya kuzungumza tena. Msiandike hisia, andikeni vitu vinavyoweza kuhakikiwa. Mlikuwa mkisoma mkupuo wa asubuhi au wa mchana? Ulikuwa umevaa sare? Baba alikuwa kazini siku za Alhamisi? Nani mwingine alikuwepo aliye hai? Huyo aulizwe hivi: "Habari ya kifo cha Mwalimu uliipataje?" Msimuulize, "Si tulikuwa chini ya mwembe?" Ukiuliza hivyo umempa jibu, na kuanzia hapo naye atauona mwembe.

Usishangae pia ikigundulika kwamba aliyekuwa chini ya mwembe ni kaka yako, naye akakusimulia mkiwa wadogo. Mwaka 2001 Sheen, Kemp na Rubin walichapisha utafiti kuhusu mapacha wanaogombea kumbukumbu: kila mmoja anashikilia kwamba aliyeanguka kwenye baiskeli, au aliyeshinda zawadi, ni yeye. Wasio mapacha pia walikutwa na hali hiyo, hasa ndugu waliolelewa pamoja.

Nimetumiwa picha ya mshukiwa kabla ya gwaride

*Niliporwa simu stendi ya matatu saa mbili usiku. Polisi wamemshika kijana mmoja na wananiita kwenye gwaride la utambuzi wiki ijayo. Juzi binamu yangu amenitumia picha ya huyo kijana kwa WhatsApp akisema "ndiye huyu." Nikiitazama naona kweli ni yeye. Nataka haki itendeke. Nifanye nini?* (Aliyeibiwa, Nakuru)

Kwanza la haraka: mwambie afisa wa upelelezi kuhusu picha hiyo kabla ya gwaride. Usiifute, kwa kuwa huenda ikahitajika, lakini usiifungue tena. Na umwombe binamu asikutumie nyingine.

Sababu ni hii. Ubongo hujua upesi kwamba sura imewahi kuonekana, lakini ni mbovu sana katika kukumbuka ilionekana *wapi*. Ukisimama mbele ya safu ya watu na sura moja ikakujia kama unayoijua, hutaweza kutofautisha kama umeijua stendi au umeijua kwenye simu. Utasikia tu moyoni, "ndiye." Kwa hiyo unaposema ukitazama picha unaona kweli ni yeye, hilo si thibitisho la pili. Inawezekana picha imeshaanza kuandika juu ya kile ulichokiona.

Kesi inayofundishwa sana ni ya Ronald Cotton, wa Burlington, North Carolina, mwaka 1984. Mwanamke aliyeshambuliwa alijilazimisha kuikariri sura ya mshambuliaji ili aje amtambue. Alionyeshwa picha, akachagua ya Cotton. Kisha likaja gwaride la watu halisi, na Cotton ndiye pekee aliyekuwa kwenye picha na kwenye gwaride pia. Akamchagua tena, na polisi wakamthibitishia kwamba ni yule yule wa kwenye picha. Alipofika mahakamani hakuwa na chembe ya shaka. Cotton alikaa gerezani zaidi ya miaka kumi, mpaka vipimo vya DNA vya mwaka 1995 vilipoonyesha mhalifu ni mtu mwingine. Mtu huyo alikuwa ameshawahi kuletwa mbele ya mwanamke huyo mahakamani, naye hakumtambua. Kati ya hukumu zilizofutwa Marekani kwa ushahidi wa DNA, karibu 7 kati ya 10 zilikuwa na shahidi aliyemtambua mtu asiye mwenyewe.

Mahakama zetu zinalijua jambo hili siku nyingi. Mwaka 1967, katika kesi ya Roria, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilionya juu ya kumtia mtu hatiani kwa utambuzi wa shahidi mmoja. Mwaka 1980 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, kesi ya Waziri Amani, ilisema ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu, na usitegemewe mpaka kila uwezekano wa kukosea uwe umeondolewa. Ikataja na ya kuuliza: shahidi alimtazama mtu huyo kwa muda gani, kwa umbali gani, kwa mwanga gani, na je, aliwahi kumwona kabla ya hapo.

Hayo ndiyo uyaandike leo, kabla hujalala, kwa mkono wako na tarehe juu. Umbali uweke kwa hatua ("hatua tatu"), usiandike "karibu." Mwanga ulitoka wapi: taa ya kibanda, taa za matatu, simu? Ulikuwa nyuma yake au mbele yake? Uso wake uliuona mzima, au kofia ilificha paji? Muda ni mgumu, maana watu waliotishwa hukadiria sekunde kuwa dakika. Badala ya kutaja namba, eleza kilichotendeka: "alishika simu, nikavuta mara mbili, akakimbia." Kama alikuwa na kisu, andika hilo pia, kwa sababu macho hufuata kisu na uso hupata mabaki. Usichokiona kiandikwe hivyo hivyo: "Sikuona viatu." Pengo lililoandikwa halitajazwa na mtu mwingine baadaye.

Siku ya gwaride, utaratibu unaofuatwa Kenya ni mshukiwa kuwekwa kati ya watu wasiopungua 8 wanaofanana naye kwa umri, urefu na mwonekano, na afisa anayeipeleleza kesi hapaswi kuliendesha. Mtu huyo anaweza kuwa hayupo kabisa kwenye safu, na "simwoni" ni jibu halali. Ukichagua mtu, sema pale pale una uhakika kiasi gani na iandikwe. Uhakika wa dakika hiyo, kama gwaride limeendeshwa vizuri, una thamani. Uhakika wa miezi sita baadaye, baada ya kupongezwa na ndugu na polisi, hauna thamani hiyo.

Jambo moja zaidi, kuhusu wanaokuuliza. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi 45 filamu za ajali, kisha wakauliza magari yalikuwa na mwendo gani. Walioulizwa kwa neno la "kugusana" walikadiria wastani wa kilomita 51 kwa saa. Walioulizwa kwa neno lenye nguvu zaidi, la kubamizana, walikadiria kama 65. Filamu zilikuwa zile zile. Katika jaribio la pili, wiki moja baada ya filamu, waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Kati ya 50 wa neno kali, 16 walisema waliona. Kati ya 50 wa neno la kawaida, 7. Hapakuwa na kioo chochote kilichovunjika. Kiswahili kina maneno ya kutosha kufanya kazi hiyo: yamegusana, yameparuzana, yamegongana, yamevaana. Ukisikia swali limeshabeba jibu ("alikuwa na jaketi jeusi, sivyo?"), jibu kwa maneno yako mwenyewe.

Na usikae na mashahidi wenzako mkipanga mambo. Katika jaribio la Gabbert na wenzake la mwaka 2003, watu walionyeshwa tukio moja kwa pembe mbili tofauti kisha wakazungumza. Asilimia 71 walieleza kitu ambacho walikisikia tu kwa mwenzao.

Anaapa amelipa, daftari linasema hajalipa

*Mimi ni katibu wa kikoba cha watu 22. Mwanachama mmoja, mtu mzima na mcha Mungu, anaapa alilipa hisa za Machi, shilingi 40,000. Kwenye daftari hakuna. Wazee wa kikoba wanasema zamani watu hawakuandika na hawakudhulumiana. Tumwite mwongo?* (Katibu, Morogoro)

Msimwite. Kwa mtu aliyezoea kulipa, kulipa ni jambo analolipanga mara nyingi kuliko anavyolifanya: anazitenga fedha, anazihesabu usiku, anawaza atamkabidhi nani. Mwaka 1998 Goff na Roediger waliwapa watu vitendo vidogo, kama kuvunja kijiti cha meno. Vingine wavifanye, vingine wavisikie tu. Siku nyingine wakawaambia wawaze wanavitenda baadhi ya vitendo hivyo. Kadiri mtu alivyorudia kuwaza kitendo, ndivyo alivyozidi baadaye kudai alikitenda. Mwanachama wenu anaikumbuka Machi. Ila huenda anakumbuka fedha zikiwa mkononi mwake, si zikiwa mkononi mwa mweka hazina. Au anakumbuka malipo ya Februari.

Muulizeni kwa upole na bila hadhara: alilipa mkutanoni au nje ya mkutano, noti au kwa simu, nani alikaa kulia kwake siku hiyo? Kama ni kwa simu, muamala upo, na kampuni ya simu inaweza kutoa taarifa ya miezi iliyopita. Kama ni noti na hakuna shahidi, katiba yenu ndiyo iamue, na hapo katibu mwenyewe akumbuke kwamba daftari huandikwa na binadamu. Makosa ya kawaida ni mstari kurukwa, au malipo ya mtu kuingizwa kwa mwenye jina linalofanana.

Kuanzia mkutano ujao, kabla watu hawajainuka, soma kila malipo kwa sauti: jina, kiasi, mwezi unaolipiwa. Mwenye jina aitikie na aweke sahihi wakati huo huo. Kisha ukurasa upigwe picha na kutumwa kwenye kundi la simu siku hiyo hiyo. Kosa linalogunduliwa usiku ule hurekebishwa kwa dakika mbili, lakini la Machi likigunduliwa Agosti linavunja kikoba.

Wazee wana hoja, ila ni nusu. Frederic Bartlett, mwanasaikolojia wa Cambridge, katika kitabu chake cha 1932 anaeleza mchunga ng'ombe wa Uswazi (leo Eswatini) aliyetaja ng'ombe walionunuliwa mwaka mmoja nyuma, bei zao na alama zao, akakosea mambo mawili madogo tu. Lakini Bartlett alipompa kijana wa huko huko ujumbe wa kawaida aupeleke, kijana hakuwazidi watoto wa Uingereza. Ng'ombe walikuwa maisha ya watu wale, kila mmoja alikuwa na rangi yake, pembe zake na ugomvi wake. Noti ya elfu kumi haina pembe. Na hao hao wahenga ndio waliosema mali bila daftari huisha bila habari.

Mkeka unachanwa na mechi moja kila wiki

*Natandika mkeka wa kubeti wa mechi 10 kila Jumamosi. Karibu kila wiki nakosa mechi moja tu! Naona nimeshaijua kazi, bado kidogo. Nikiongeza dau nitarudisha zote?* (Kijana, Mwanza)

Tufanye hesabu tukikupendelea. Chukulia wewe ni hodari, kila mechi unayochagua una nafasi ya asilimia 70 ya kupata. Mkeka mzima wa mechi 10 ni 0.7 mara 0.7 mara 0.7, hivyo hivyo mpaka mechi ya kumi: 0.028, yaani mikeka 3 tu kati ya 100. Kukosa mechi moja kamili kuna nafasi ya asilimia 12, na kukosa mbili asilimia 23. Kwa mtu wa kiwango chako, basi, "imechanwa na moja" hutokea zaidi ya mara nne kwa kila mkeka unaoshinda. Haikuonyeshi kwamba umekaribia. Ndivyo mkeka mrefu ulivyoundwa.

Halafu hilo "karibu kila wiki" tunalitilia shaka. Ukikosa moja unalisimulia kijiweni wiki nzima: refa, penalti, dakika ya 93. Ukikosa nne unaifunga simu. Thomas Gilovich mwaka 1983 aliwachunguza watu wanaobeti michezo, akakuta hawazisahau hasara zao. Huzizungumza kwa kirefu kuliko ushindi, wakizieleza mpaka zigeuke kuwa ushindi ulioporwa. Ushindi wa bahati hakuna aliyeutafutia sababu. Kwa njia hiyo mtu anaweza kupoteza miaka mitano na bado akajiona fundi.

Lipo na lile la "nilijua tu." Mwaka 1972, kabla ya Rais Nixon kwenda Beijing na Moscow, Fischhoff na Beyth waliwauliza wanafunzi mambo kadhaa yana uwezekano gani wa kutokea. Baada ya safari wakawataka wakumbuke walikadiria nini. Kwa yaliyotokea, watu walikumbuka kwamba walikadiria juu kuliko walivyoandika. Ukisema ulijua timu ile itafungwa, angalia kwanza mkeka wako ulisema nini.

Na kuongeza dau kwa kuwa "sasa zamu yangu imefika"? Usiku wa 18 Agosti 1913, kwenye kasino ya Monte Carlo, gurudumu liliangukia rangi nyeusi mara 26 mfululizo. Waliozidisha dau kwenye nyekundu kwa kuwa "lazima sasa" waliondoka mifuko mitupu. Gurudumu halikuwa na habari na yaliyopita, na Jumamosi ijayo nayo haina.

Chukua daftari, si simu. Safu tano: tarehe, dau, mechi zako, mechi ngapi zimekosa, kilichorudi. Safu tatu za kwanza uzijaze *kabla* mechi hazijaanza. Wiki nane. Kisha jumlisha safu ya pili na ya mwisho. Wengi hawafiki wiki ya nane, na sababu huwa si uvivu.

Nasoma mara nne na bado nasahau

*Niko kidato cha nne. Nasoma noti za Biolojia mara tatu nne mpaka naona zimeingia, nikikaa kwenye jaribio zimepotea. Nina miezi miwili.* (Mwanafunzi, Kilifi)

Unaposoma ukurasa kwa mara ya nne, macho yanateleza. Huko kuteleza ndiko unakodhani ni kujua. Roediger na Karpicke, mwaka 2006, waliwagawa wanafunzi: kundi moja lilisoma maandishi mara nne, lingine lilisoma mara moja, kisha likafunga karatasi na kuandika kila linachokumbuka, mara tatu. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma waliongoza, asilimia 83 kwa 71. Baada ya wiki wao walibaki na 40, na wale wa kufunga karatasi na 61. Kosa lako ni kwamba unajipima ndani ya zile dakika tano.

Kwa hiyo soma mada moja, mathalani usafirishaji wa maji kwenye mimea, dakika 20. Funga. Chora na uandike kutoka kichwani dakika 10, hata ukikwama. Kukwama ndiko kunakofanya kazi, usikimbilie kufungua. Kisha fungua na usahihishe kwa kalamu nyekundu yale tu uliyokosa.

Mada ile ile uirudie kesho yake, kisha kila baada ya siku 6 hadi 12. Kipimo hicho kinatokana na tafiti za Cepeda na wenzake: pengo linalofaa ni kama sehemu ya 10 hadi 20 kwa mia ya muda uliobaki mpaka mtihani, na wewe una siku 60. Mara ya pili utaona umesahau sana na utakata tamaa. Hermann Ebbinghaus, aliyejipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana na kuchapisha mwaka 1885, alikuta kwamba baada ya siku moja akiba iliyobaki ni kama theluthi, lakini baada ya siku 31 bado ilikuwa kama moja ya tano. Kinachopotea hupotea mwanzoni. Ukikiwahi hapo, kinashika.

Dalali kataja milioni 18

*Natafuta kiwanja. Dalali kaanza na milioni 18, nikamshusha mpaka 14 na nikajisifu. Jirani kanicheka. Nimeliwa wapi?* (Mnunuzi, Dodoma)

Kwenye ile 18. Mwaka 1974 Amos Tversky na Daniel Kahneman walichapisha jaribio hili: waliwazungushia watu gurudumu la namba lililotegwa lisimame kwenye 10 au 65, kisha wakawauliza nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya wanachama wa Umoja wa Mataifa. Waliotokewa na 10 walikadiria kati na kati asilimia 25. Waliotokewa na 65 walisema 45. Kila mtu aliona namba imetoka kwenye gurudumu la bahati nasibu, na bado iliwavuta. Namba ya dalali inavuta zaidi, kwa sababu inatamkwa na mtu aliyekunja uso.

Safari nyingine anza na watu watatu walionunua mtaa huo ndani ya mwaka mmoja, na uulize bei ya mita ya mraba. Kiwanja cha 20 kwa 25 ni mita 500. Milioni 18 maana yake ni 36,000 kwa mita. Kama majirani wamenunua kwa 22,000, kiwanja ni milioni 11, na hapo ndipo mazungumzo yaanzie. Usimjibu dalali kwa "punguza". Neno hilo linakubali kwamba tunahesabu kutoka 18. Mwulize mita anaiuza shilingi ngapi na kwa nini imezidi ya jirani, kisha nyamaza. Namba yako ya mwisho iandike kwenye karatasi, ikunje, iwe mfukoni kabla hujapanda bodaboda kwenda kukiona kiwanja.